Ukarabati wa nyumba ukikwama: soma dalili, tafuta chanzo, ndipo umkabili fundi

Uwe Njiro ya Arusha au Pasua ya Moshi, ugomvi wa mwenye nyumba na fundi una mizizi miwili: pesa iliitangulia kazi, na kitu kilifunikwa kabla hakijapimwa. Bomba likishapigwa plasta na waya ikishazama ukutani, huna tena cha kumwonyesha mtu, na aliyeshika hela ndiye mwenye sauti. Maelezo haya ni ya mtu ambaye kazi yake imeshaanza na mambo yanakwenda mrama. Kabla hujasoma zaidi, simamisha malipo mapya. Kazi usiisimamishe bado, isipokuwa pale tutakaposema. Piga picha kila chumba leo, pamoja na stoo na lundo la mchanga.

Fundi haonekani, na kila ukipiga simu ni "kesho"

Angalia waliobaki saiti na vilivyobaki. Saidia fundi wakija bila fundi mwenyewe, amefungua kazi nyingine na hela yako huenda inaendesha saiti ya mtu. Vibarua wasipokuja kabisa, mara nyingi hawajalipwa, hata kama wewe umelipa. Kifaa cha pima maji cha kupimia usawa, ngazi na mashine ya kukatia marumaru vikiwa vimeondoka, amehama. Wote wakiwepo wamekaa kivulini, kuna kifaa kimekwisha na hakuna aliyekuambia. Waulize saidia fundi kwa heshima na usiwagombanishe na bosi wao. Wanajua mengi na hawana sababu ya kukuficha ukiwasalimia kama watu.

Kuna chanzo kingine kisichosemwa: fundi alitaja bei ya chini ili apate kazi, sasa ameona atamaliza kwa hasara. Huyu hatarudi kwa vitisho. Hurudi kwa hesabu mpya, au harudi kabisa.

Chukua futi upime kilichofanyika, mbele ya mjumbe wa mtaa. Tuseme hela yote ya ufundi ni sh. 2,400,000, na ndani yake plasta ya mita za mraba 200 kwa sh. 4,000 kila mita. Umekuta mita 130, ambazo ni sh. 520,000. Marumaru na rangi hazijaguswa. Umeshatoa sh. 1,500,000. Basi fundi anashikilia sh. 980,000 ambazo hajazifanyia kazi. Tarakimu hiyo ndiyo ya kuzungumza naye. Usizungumze naye juu ya tabia yake. Mwandikie ujumbe wa simu kwa lugha ya kawaida:

"Habari za leo, fundi. Plasta tulikubaliana mita 200 kwa sh. 4,000. Leo tumepima mbele ya mjumbe, zimepigwa mita 130, sawa na sh. 520,000. Umepokea sh. 1,500,000. Naomba ufike saiti kabla ya Jumatatu tarehe 15 tuendelee, au tukae tumalize hesabu. Usipofika nitaweka fundi mwingine, na gharama itakayozidi itaingia kwenye hesabu yetu."

Ujumbe huo una uzito. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe na kumbukumbu za miamala ya simu kuwa ushahidi. Kwa hiyo usilipe taslimu mkononi. Lipa kwa benki au kwa simu, kisha mtumie fundi ujumbe unaosema malipo ni ya kazi gani, naye ajibu.

"Simenti imeisha tena"

Kabla hujamwita mtu mwizi, pima. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, yaani ndoo ya lita 20 moja na robo tatu. Plasta ya ndani ya moja kwa tano, yaani simenti moja kwa mchanga tano, inachukua karibu ndoo 9 za mchanga kwa mfuko. Ya nje, moja kwa nne, ndoo 7. Mafundi wengi wanapima kwa toroli, na toroli hazilingani, hivyo ijaze ya kwenu kwa ndoo mara moja ujue inabeba ngapi. Kwa unene wa milimita 15, mfuko wa moja kwa tano unafunika mita za mraba 10 hivi.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kuta za mita 2.7. Mzunguko ni mita 15, ukuta wote mita za mraba 40.5, ondoa mlango na dirisha, zinabaki kama 37. Hapo ni mifuko 4. Fundi akisema imekwenda 7, chukua drili yenye biti nyembamba, toboa sehemu tatu au nne ambazo hazitaonekana, mpaka biti iguse tofali, upime kina. Ukikuta milimita 15 kila mahali, mifuko mitatu haikuingia kwenye ukuta huo. Ukikuta 25 au 26, ukuta ulikuwa umepinda na simenti imekwenda kuunyoosha. Fundi hajaiba, ila alipaswa kukuambia, na plasta nene hivyo ilipaswa kupigwa kwa awamu mbili, kwa sababu ikipigwa mara moja inajivuta kwa uzito wake na kuachia.

Hali ya kinyume inatisha zaidi: simenti inabaki nyingi na fundi anakusifia kwa kubana matumizi. Kwangua plasta iliyomaliza wiki kwa msumari. Ikitoka unga kwa wepisi, ama uwiano ulichakachuliwa, ama haikumwagiliwa, ama mchanga ni mchafu. Mchanga unapimwa kwa chupa nyeupe inayoonyesha ndani: jaza mchanga nusu, maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tope linalotulia juu likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya kimo cha mchanga, rudisha lori. Mchanga wa makorongo yanayoshuka Meru na Kilimanjaro uangalie hasa baada ya mvua kubwa.

Stoo iwe na daftari: kilichoingia, kilichotoka, kimekwenda kazi gani. Mifuko mitupu isitupwe mpaka uihesabu. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari.

Nyufa

Hapa usiwe na haraka, maana ufa mmoja unaweza kuwa jambo la rangi na mwingine jambo la uhai.

Nyufa nyembamba zilizotapakaa kama wavu ni plasta iliyokauka haraka. Simenti ilizidi, au hakuna aliyemwagilia maji. Plasta mpya inataka maji asubuhi na jioni kwa siku saba, na kwenye miezi ya ukame yenye upepo hata mchana. Nyufa hizi haziangushi nyumba. Zinazibwa wakati wa kupiga skimu, lile tabaka laini la mwisho kabla ya rangi.

Gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Mlio wa uwazi maana yake haikushika: ukuta ulikuwa na vumbi, ulikuwa mkavu ukanywa maji ya plasta, au ni nguzo ya zege laini ambayo haikuchongwa wala kurushiwa uji wa simenti na mchanga. Skimu haiponyi hapo. Bandua sehemu yote inayolia, mpaka unapopata mlio mzito.

Ufa wa wima, ulionyooka, pale ukuta mpya ulipokutana na wa zamani, unatokana na tofali za zamani kutong'olewa meno na kutofungwa nondo. Kama haupanuki, bandua plasta sentimita 15 kila upande, gongea wavu wa waya juu ya kiungo, piga plasta upya. Kama unapanuka, msingi wa sehemu mpya unashuka, na wavu utakatika nao.

Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha ndio ninaoomba usiupuuze. Katika ukarabati chanzo chake cha kawaida ni hiki: mwenye nyumba alitaka dirisha la mita 2.4 mahali pa la mita 1.2, fundi akapanua tundu, lenta, yaani boriti ya zege juu ya dirisha, akaiacha ile ile au akaunganishia kipande. Lenta inatakiwa ilale juu ya ukuta angalau sentimita 15 hadi 20 kila upande, ikiwa kitu kimoja. Kipande kilichoungwa katikati hakibebi kitu. Hapa simamisha kazi, weka mirunda chini ya lenta, na lenta mpya isukwe na kumwagwa upya.

Hali moja inashinda hiyo kwa hatari. Ukuta kati ya jiko na sebule umevunjwa ili pawe wazi, kisha baada ya siku chache dari inabonyea na milango ya vyumba vya jirani inaanza kukwama. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimelala juu ya ukuta huo. Toa watu ndani, piga mirunda chini ya kenchi siku hiyo hiyo, uite mhandisi. Ilipaswa mtu apande darini na tochi kabla ya nyundo ya kwanza. Mabadiliko ya aina hii, pamoja na kuongeza chumba, yapitie kwanza kwa wataalamu wa ujenzi wa halmashauri, Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, kwa ajili ya kibali.

Kujua kama ufa unatembea, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe, kisha gundisha ukanda wa karatasi nyembamba kukatiza ufa. Karatasi ikichanika, ufa uko hai. Tunaishi kando ya Bonde la Ufa. Julai 2007 mitetemo kutoka upande wa Gelai na Oldoinyo Lengai ilisikika Arusha mjini. Ndiyo maana mkanda wa zege juu ya kuta haukatwi kupitisha bomba wala kupandisha dirisha, hata fundi akisema ni kidogo tu.

Rangi inavimba na kubanduka

Mahali inapoanzia panakuambia chanzo. Chini, mpaka usawa wa goti au kiuno, pamoja na unga mweupe wa magadi: maji yanapanda kutoka ardhini. Nyumba nyingi za zamani hazina dipisii, lile tabaka la chini ya ukuta la kuzuia unyevu, au baraza jipya na udongo wa bustani vimepandishwa juu ya usawa wake. Kwa nyumba zilizo karibu na msitu wa Rau, ambao wenyewe unaishi kwa maji ya ardhini, tegemea jambo hili. Juu karibu na dari ni bati au gata. Doa la katikati ya ukuta unaopakana na bafu ni bomba au bafu lenyewe.

Kama ukuta mzima unavimba na plasta ni mpya, fundi alipaka rangi mapema. Plasta inataka kama siku 28, na Juni hadi Agosti, wakati mawingu na baridi havitoki Moshi wala Arusha, inataka zaidi. Bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50 ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, acha saa 24. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, usipake. Yakiwa mbele ni unyevu wa chumbani, fungua madirisha.

Fundi atakayekuambia dawa ya maji yanayopanda ni kupaka rangi ya mafuta anakusogezea tatizo. Maji yatapanda juu zaidi yatafute pa kutokea. Shusha kwanza udongo wa nje mpaka sentimita 15 chini ya sakafu, toa maji ya gata mbali na ukuta, bandua plasta iliyolowa, acha ukuta upumue wiki kadhaa.

Bafu linavuja upande wa pili

Funga koki zote ndani, soma mita ya maji, rudi baada ya saa mbili. Tarakimu zikisogea bila mtu kutumia maji, kuna bomba linavuja, na kama ni PPR, yale ya plastiki yanayoungwa kwa kuchomwa, tafuta kwanza kwenye viungo vilivyochomwa. Mita isiposogea, ziba tundu la sakafu, jaza maji sentimita 2 au 3, weka alama ya penseli, acha saa 24. Maji yakishuka kwa kiasi ambacho jua na hewa havielezi, sakafu haikuzuiwa maji. Marumaru na grauti inayoziba nafasi kati yake si kizuizi cha maji. Kizuizi ni dawa inayopakwa chini yake, ikipanda ukutani angalau sentimita 15 na eneo la kuogea mpaka juu ya kichwa cha mtu.

Ndiyo maana malipo ya bafu yagawanywe mara tatu. Ya kwanza bomba likiwa wazi, limejazwa maji na kupigwa presha kwa pampu ya mkono bar 10, sindano ikae saa nzima bila kushuka. Ya pili baada ya jaribio la maji ya saa 24. Ya tatu baada ya marumaru, ukimwaga ndoo moja na kuona maji yote yanakwenda kwenye tundu. Mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa mita unatosha. Bafu likinuka wakati kila kitu kinapita vizuri, angalia kama tundu la sakafu lina kona ya kushikilia maji. Mafundi wa kulipua wanaunganisha bomba moja kwa moja na chemba, harufu inapanda bila kizuizi.

Marumaru zinalia au zinainuka

Buruta sarafu au mpini wa nyundo juu yake. Kigae kinacholia katikati kiliwekwa kwa madonge ya simenti pembe nne na moja kati. Gundi isambazwe kwa mwiko wa meno, kilo 4 hadi 5 kwa mita ya mraba. Marumaru za kauri zikiwekwa kwa simenti lazima zilowekwe kwanza. Zile ngumu za poseleni hazinywi maji, hivyo simenti tupu haizishiki. Zikiinuka mstari mzima kama paa, zilibanwa mpaka ukutani bila nafasi. Acha milimita 5 hadi 10 pembeni, sketi, ule ukanda wa chini ya ukuta, itaficha. Nunua asilimia 10 ya ziada, zenye namba moja ya toleo kwenye maboksi.

Breka inaruka, swichi inapata moto

Jiko jipya na hita ya kuogea vimeongezwa juu ya waya za zamani. Hita ya papo kwa papo ya kilowati 5.4 kwenye volti 230 inavuta ampea 23 na zaidi, nayo inataka waya yake ya mm 4 au zaidi moja kwa moja toka kwenye bodi, na breka yake. Waya ya 1.5 ni ya taa, 2.5 ni ya soketi, jiko kubwa 6. Breka ikiruka, fundi asiibadilishe kwa kubwa zaidi. Breka ndiyo inayozuia waya isiungue. Fundi umeme awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, omba uione. Piga picha kila ukuta kabla ya plasta, futi ikiwa imelazwa pembeni, ili ujue waya zilipo na uhakikishe hakuna kiungo kilichozikwa bila boksi.

Bei inapanda kila wiki

Nyumba ya zamani ina siri, na nyongeza nyingine ni za haki: mbao zilizoliwa na mchwa, bomba la chuma lililooza, ukuta usio na msingi. Tenga asilimia 10 hadi 15 kwa hayo tangu mwanzo. Kuna swali moja la kuzitenganisha: jambo hili lingeonekana bila kuvunja kitu? Kama lingeonekana, fundi alilisahau na ni juu yake. Kama lilikuwa limefunikwa, ni juu yako. Kila nyongeza iandikwe kabla ya kuanza: kazi gani, vipimo, bei, siku, sahihi mbili. Kuandikiana hakumaanishi kutoaminiana, na fundi mzuri anapenda karatasi kwa sababu inamlinda yeye pia.

Advansi ya asilimia 50 kwa madai ya kununua vifaa ikatae kwa upole: nunua vifaa mwenyewe, chukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, fundi umlipe ufundi kwa hatua. Asilimia 10 hadi 20 ya ufundi inatosha kumwanzisha.

Umeshaamua kumwachisha

Fanya hesabu ya mwisho saitini mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, andikeni kilichopo stoo, wekeni sahihi. Vifaa vyake vya kazi mrudishie vyote. Kuvishikilia kunageuza mwenye madai kuwa mdaiwa. Akikataa hesabu, deni la mkataba linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Kama ni kampuni iliyosajiliwa, peleka pia malalamiko Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Hakikisha kwanza kwamba jina lililo kwenye mkataba ndilo lililosajiliwa.

Fundi anayerithi kazi asianze kwa kuendeleza. Akague, aandike kasoro alizozikuta, nawe upige picha, vinginevyo kila ufa utakaotokea baadaye utakuwa "wa yule wa kwanza". Shikilia asilimia 5 hadi 10 ya ufundi wake mpaka masika ipite. Kama anamaliza Juni na masika iko mbali, mwombe apande na bomba la bustani, amwagie bati akianzia chini kwenda juu, robo saa kila sehemu, mtu mwingine akiwa darini na tochi. Panapovuja kwa kawaida ni pale paa jipya linapoungana na la zamani, na kwenye tundu la msumari uliopigwa ukakosa papi, ule ubao unaoshikilia bati.